Mbuzi Nyuma ya Wimbo

Najua mnanicheka. Jumatatu nilipita kwa kinyozi pale chini ya stendi ya Nyeri, nikasikia mtu akisoma gazeti kwa sauti na wenzake wakishika mbavu. Nikaingia. Gazeti likakunjwa haraka. Kisha mmoja, uso mzima povu la sabuni, akaniuliza, "Gatimu, ati hata ile mbuzi ya pili mlikula?"

Tulimla, ndiyo! Kulikuwa na baridi, tulikuwa na njaa, na nyama ilikuwa imeiva. Mlitaka tumzike?

Kwa yule ambaye hakununua gazeti wiki jana na sasa anasomea begani mwa mwenzake, mambo yalikuwa hivi.

Nilikuwa dereva wa lori la maziwa la Mweiga, mpaka siku lori lilipozama kwenye tope nikiwasaidia watu wa sinema waliotoka Bombay. Kazi ikaisha hapo. Wale watu wakanionea huruma, wakanipa nyingine. Walikuwa wamekuja kupiga picha za wimbo mmoja tu wa filamu yao: kijana tajiri na msichana maskini wanazunguka mti wakiimbiana, na Mlima Kenya uko nyuma na theluji yake. Direkta wao, mtu mwembamba aliyevaa skafu juu ya skafu, akaona mlima peke yake hautoshi. Akataka na harusi ya Kiafrika iwe nyuma ya wale wapenzi, yenye ngoma na mbuzi.

Mimi nacheza mwomboko, ile densi yetu ya kodiani, na hata adui zangu wanakubali kwamba naijua. Nikafanywa bwana harusi. Bibi harusi akawa Wakonyo, msichana anayeuza viazi soko la Mweiga, ambaye anaicheza kunishinda. Mzee wa harusi akawa Mzee Wamae, jirani wa kina Wakonyo, kwa sababu alikuwa mzee tayari na hakuhitaji kupakwa kitu.

Direkta akamwambia Mzee Wamae, "Fanyeni vile mnafanyanga."

Hilo ndilo neno lililoniua. Mzee Wamae hajui kuigiza. Alifanya vile tunafanyanga. Akaomba, akabariki, mbuzi akaletwa, akachinjwa, akachomwa, nikapewa kisu. Nikakata bega la mbuzi pale kwenye kiungo, nikampa Wakonyo, akala. Na kwetu Wagikuyu, mwanamume akishakata bega mbele ya wazee na msichana akala, wameoana. Hata muwe na cheti cha serikali, bila lile bega wazee watawaita marafiki.

Halafu mlima ukajifunika mawingu na direkta akasema turudie. Ndiyo maana kukawa na mbuzi wa pili.

Mimi sikuona ubaya. Ilikuwa sinema! Nilikuwa nimemposa Wangechi, binti wa Mzee Mathenge, mzee wa kanisa, na siku yetu ya kukata bega ilikuwa imeshapangwa. Tena nilikuwa nimejisifu kwao kwamba nimeimba na kucheza katika filamu ya Bombay. Basi.

Sasa tuendelee.

Filamu ilifika Nyeri mwaka ule kahawa ilipopanda bei hata wazee wakanunua saa za mkononi. Rafiki yangu Dawud wa Majengo, ambaye anazungusha sinema kwa projekta yake kwenye mahoteli na kumbi za mjini, ndiye aliyeipata. Alinikimbilia hadi nyumbani.

"Gatimu, ndugu yangu, nimekuona! Umetokea mzimamzima, kichwa mpaka viatu!"

"Uso wangu unaonekana?"

"Uso? Mpaka lile pengo lako linaonekana."

Nikaruka juu kwa furaha. Mnajua nilichofanya? Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu hii, bila kusukumwa na mtu, nikamwalika Mzee Mathenge.

Tulikaa kwenye ukumbi Jumapili baada ya ibada. Dawud alikuwa amefunika madirisha kwa mablanketi. Mzee Mathenge alikaa benchi la mbele na koti lake la kanisa, Biblia juu ya magoti, wazee wenzake huku na huku. Mama Wangechi alikaa nyuma yao, na Wangechi kando ya mama yake. Mimi nilikaa ukingoni mwa benchi la wazee, nikitabasamu ovyo.

"Kijana," Mzee Mathenge aliniambia, "hii sinema iko na mambo ya dhambi?"

"Hapana, Baba. Ni nyimbo tu."

"Watu wanavaa nguo?"

"Nyingi sana, Baba. Huko kulikuwa na baridi."

Akatikisa kichwa kukubali. Mlangoni nikamwona Wakonyo akiingia na Mzee Wamae, wamevaa za Jumapili. Dawud alikuwa amewaalika pia, si waigizaji? Wakonyo akanipungia mkono. Nami nikampungia. Sikujua bado.

Filamu ikaanza. Kijana tajiri akakataliwa na baba yake, msichana maskini akalia, tajiri mwingine mbaya akatokea na masharubu yake. Wazee wakaanza kupiga miayo. Mzee Mathenge akafungua Biblia gizani.

Kisha kodiani ikalia, na mlima wetu ukajaa ukutani.

Ukumbi mzima ukasema, "Haiya!"

Yule msichana wa Bombay aliimba kwa sauti ya kukuyeyusha. Yule kijana alipiga magoti, akainuka, akazunguka mti, akapiga magoti tena. Wallahi, kama asemavyo Dawud, wale watu walifanya kazi. Lakini katika ukumbi ule hakuna hata mtu mmoja aliyewaona. Kila jicho lilikuwa nyuma yao, kwa mbuzi.

"Hiyo mbuzi ni nzuri," mzee mmoja akasema.

"Rangi moja. Haina doa," mwingine akajibu.

"Huyo Mhindi anatuzuia. Aondoke hapo!"

"Ameondoka. Ameenda nyuma ya mti."

"Heri akae huko."

Mzee Mathenge alikuwa amefunga Biblia. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya fimbo, macho yamemtoka. Mbuzi akachinjwa. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mbuzi akachomwa. Mzee mmoja akameza mate, tukamsikia. Kisu kikatolewa.

"Anashika na mkono wa kulia," Mzee Mathenge alisema. "Vizuri. Sasa tuone kama anajua kiungo, ama ni hawa vijana wa kukata mfupa kama kuni."

Kisu kikaingia. Bega likaachana na mwili mara moja.

"Eeeh!" Mzee Mathenge akapiga fimbo chini. "Huyo amelelewa! Umeona? Amepata kiungo bila kutafuta. Huyo ndiyo kijana. Nani baba yake?"

Hapo bwana harusi ukutani akageuka, akampa bibi harusi nyama. Uso ukaonekana wote, na pengo.

Mzee Mathenge akaangalia ukuta. Akanigeukia mimi. Akaangalia ukuta tena. Mimi nilikuwa nimeanza kuteleza taratibu chini ya benchi.

"Si ni wewe?"

"Ni sinema, Baba."

Akainuka. Kivuli chake kikafunika mlima, harusi na wapenzi wote wawili. "Simamisha! Simamisha hiyo kitu!"

"Haisimami hivyo, mzee, filamu itaungua!" Dawud akapiga kelele, akazima taa ya projekta. Mtu akavuta blanketi moja dirishani, jua likatuingia machoni.

"Gatimu," Mzee Mathenge alisema, akininyooshea fimbo. "Umekuja kwangu. Umekula kwangu. Umeniita Baba. Na uko na bibi?"

"Sina, Baba! Ile ilikuwa ya kuigiza tu!"

"Mbuzi ilikuwa ya kuigiza?"

"Hapana, mbuzi alikuwa wa kweli."

"Iliigiza kukufa?"

"Hapana, Baba, alikufa."

"Wazee walikuwa hapo?"

Kabla sijajibu, Mzee Wamae akasimama kule nyuma, kofia mkononi. "Nilikuwa hapo. Mimi ndiye nilibariki. Na sijawahi kubariki mchezo tangu nizaliwe."

"Walikula?"

"Tulikula wote. Halafu mlima ukajificha, wakaoana tena."

Mama Wangechi akajifunika uso kwa leso. Nilimtafuta Wangechi kwa macho. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, akiangalia ukuta mtupu.

"Hawa wameoana mara mbili," mzee mmoja akasema. "Hiyo imekaza zaidi ya ndoa yangu."

"Na wewe msichana!" Mzee Mathenge akamgeukia Wakonyo. "Unasema nini? Huyu ni bwana yako?"

Wakonyo alikuwa amejiziba mdomo ili asicheke. "Mzee, mimi sikuulizwa. Niliambiwa fungua mdomo, nikafungua. Hata mara ya pili nilikuwa nimeshiba."

"Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Basi ni bwana yako." Akanigeukia mimi, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, ya mtu aliyeumizwa kweli. "Kijana, mimi nilikupenda. Lakini kanisa letu ni bibi mmoja. Siwezi kumpa binti yangu mwanamume ambaye amekatia msichana mwingine bega mbele ya wazee. Watu wote wa Nyeri wameona. Mimi mwenyewe nimekusifu! Hiyo siku yetu imekufa."

Jamani, sijui niwaambieje. Nililia. Mwanaume mzima, mbele ya wakwe, nililia machozi. Nikamshika Mzee Mathenge koti. Nikamwambia nampenda Wangechi, nikamwambia nimeshafunga zizini mbuzi wa mahari, nikamwambia mama yangu ameshasema kwa watu wote wa Mweiga. Akaniondoa mkono polepole.

"Nionyeshe tena," akamwambia Dawud. "Nataka kuona vizuri. Nisije nikamhukumu mtoto wa mtu bure."

Blanketi likarudishwa. Ili aanze wimbo upya, Dawud akavuta kile chuma cha pembeni kinachofanya projekta yake iende rivasi. Na kwa vile alikuwa amechanganyikiwa kama sisi wote, akasahau kwamba taa ameshaiwasha.

Ukutani, Wakonyo akatoa nyama mdomoni.

Ukumbi ukapiga kelele.

Akanirudishia mkononi. Nikaipeleka kwa mbuzi. Kisu kikapita, na bega likashikana na mwili kama halijawahi kukatwa.

"Hapo! Hapo!" Mzee Mathenge akaruka juu. "Hiyo ni nini unafanya?"

"Samahani, mzee! Narudisha nyuma tu, nizime taa—"

"Usizime!" Akawageukia wenzake. "Mmeona? Ametema! Ametema na bega imepona!"

Wazee wakainuka, wakasogea kando ya ukuta, wakainamiana vichwa. Mnajua wazee wetu wakiinamiana hivyo hakuna wa kuwagusa. Nilisikia maneno nusunusu. Ati desturi inasema ndoa ikivunjika mbuzi wanarudi kwa mwanamume. Ati hapa mbuzi anarudi. Ati swali ni kama anarudi kwa mwenyewe ama anapotea njiani.

Mzee Mathenge akatoka katikati yao, amenyooka. "Dawud. Hiyo gari yako inaweza kurudi nyuma mpaka mbuzi ifike wapi?"

"Mpaka ilikotoka, mzee. Langoni."

"Nani aliileta langoni?"

"Gatimu mwenyewe. Anaonekana akiivuta kwa kamba."

"Basi rudisha. Polepole. Kila mtu asimame, na mtoe kofia."

Tukasimama. Mzee Mathenge akaomba sala fupi. Nami hapo benchi la mbele, machozi bado yananitiririka, nikatazama nikiachwa na mke ambaye sikujua nilikuwa naye.

Wimbo ulitoka kinyumenyume, kodiani ikivuta pumzi badala ya kutoa. Yule kijana wa Bombay akainuka kutoka magotini, akakimbia kinyumenyume kumwacha msichana wake, akiwa na furaha tele. Moto ukapoa. Nyama ikawa mbichi. Kisu kikampa mbuzi uhai, akasimama kwa miguu yake, akalia, na wazee wakasema, "Ngai!" Tukaanza kucheza mwomboko wa kurudi nyuma, mimi na Wakonyo, viatu vikitafuta vumbi lililoruka. Mwishowe mbuzi akaenda langoni matako mbele, nami niko mwisho wa kamba, tukatoka nje ya wimbo pamoja.

Dawud akazima.

"Mbuzi imerudi na mwenyewe," Mzee Mathenge akatangaza. "Hawa si mtu na bibi yake tena. Wamae, unasema nini?"

Mzee Wamae alikuna kichwa. "Naona imerudi, ndiyo. Lakini ile iko tumboni mwangu je?"

"Hiyo ulikula kama mgeni."

"Na ya pili?"

"Ya pili haikuonyeshwa. Kitu haikuonyeshwa hatuijui."

Mzee Wamae akafikiri, akavaa kofia. "Basi. Wakonyo, mwanangu, umeachwa."

"Asante, mzee," Wakonyo akasema, na hapo akashindwa kabisa, akacheka mpaka akakaa chini.

Mzee Mathenge akanikumbatia. Nawaambia, yule mzee hajawahi kumkumbatia hata mwanawe. Mama Wangechi akapiga vigelegele. Wazee wakanishika mkono, mmoja akanisifu tena kwa kukata kiungo. Nikasema moyoni, Gatimu, Mungu amekuona leo, shida zako zimekwisha.

"Baba."

Alikuwa Wangechi. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu tuingie.

"Nyinyi mmeangalia mbuzi," akasema. "Mbele na nyuma, mmeangalia mbuzi. Kuna mtu ameangalia uso wa huyu?"

"Uso gani tena?" Mzee Mathenge akauliza.

Wangechi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Wewe umekuja kwetu na mkate na sukari mpaka mbwa amekuzoea. Unakaa ukingoni mwa kiti. Ndiyo Baba, hapana Mama, asante nimeshiba. Mimi sijawahi kuona meno yako ya nyuma, Gatimu. Leo nimeyaona yote ukutani."

"Ile ni sinema, Wangechi! Direkta alituambia tucheke!"

Nikaona macho ya Wangechi yakinipita, yakamwendea Wakonyo kule chini alipokaa. "Dada, ni kweli? Mliambiwa mcheke?"

Kicheko cha Wakonyo kikakatika. Akaniangalia mimi. Akaangalia sakafu. Akachezea pindo la leso yake.

"Sema ukweli tu, dada. Sitakuchukia."

"Alituambia tuwe wapole," Wakonyo akasema kwa sauti ndogo. "Alitugombeza kwa kucheka. Alisema tunaharibu wimbo wa wenyewe."

Mzee Mathenge akanigeukia, akaniangalia uso.

Wangechi akatembea hadi kwenye projekta. "Dawud, peleka mbele."

"Usiguse!" Mzee Mathenge akainua fimbo. "Wangechi, una wazimu? Ikienda mbele ameoa tena!"

"Najua, Baba. Si ndiyo vizuri, tuko na wazee wa kutosha." Akanigeukia. "Gatimu, nisikilize. Siku yetu bado iko, kama unaitaka. Hii kitu itaenda mbele. Kabla kisu kufika kwa bega, sema simama. Sema mara moja tu, na mimi sitakuuliza tena mpaka nizeeke."

Dawud akaniangalia. Mimi nikamwangalia Dawud. Akasukuma kile chuma.

Mlima ukarudi ukutani. Mbuzi akaingia langoni, nami nikimvuta. Kodiani ikaanza kutoa pumzi inavyotakiwa, na Wakonyo akanijia akichezesha mabega, akanikanyaga kidole kwa makusudi kama alivyofanya siku ile, na kijana yule wa ukutani, yule mwenye pengo, akaruka kwa mguu mmoja akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Mbuzi akachinjwa. Nyama ikaiva. Mzee Wamae akanyoosha kisu.

"Sema, kijana," Mzee Mathenge akaninong'oneza, amenishika mkono kwa nguvu. "Sema, sema, mwanangu, sema!"

Wangechi hakuangalia ukuta. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nilivuta pumzi. Nilifungua mdomo niseme simama, nawaapia nilikuwa na hilo neno kwenye ulimi. Kilichotoka ni kicheko, kilekile cha ukutani, meno ya nyuma yote nje, na kisu kilikuwa bado hakijafika kwenye bega.